Sensa ikisema imechezewa, usikubali izimwe

Wiki tatu mfululizo simu yangu iliniletea ujumbe uleule: sensa ya dirisha la jikoni, kile kijiboksi cha mfumo wa king'ora cha kuzuia wezi, imechezewa. Dirisha lenyewe liko nyumbani kwa mama, Shangani hapa Mtwara, upande unaopigwa na upepo wa bahari. Kila nikimpigia, hata saa nane usiku, aliamka, akawasha taa, akaenda kushika komeo. "Limefungwa, mwanangu. Hakuna mtu." Ikafika siku akaacha kuamka. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu ya kweli.

Fundi aliyeifunga alikuja, akaitazama kidogo, akasema tuitoe kwenye mfumo, madirisha mengine yataendelea kulindwa. Nilikataa, na ningekataa tena leo. Mifumo mingi ukiitoa sensa, unakuwa umeliacha dirisha zima bila ulinzi. Na hilo la jikoni ndilo lililo mbali zaidi na chumba anacholala mama.

Wengi wetu hatujaelezwa kwamba kijiboksi kile kina kazi mbili. Ya kwanza ni ya sumaku: sumaku inakaa kwenye ubao wa dirisha, sensa kwenye fremu; dirisha likifunguka vinaachana, na taarifa inakwenda. Ya pili ni sensa kujilinda yenyewe. Chini ya kifuniko, au mgongoni inapogusa fremu, kuna swichi ndogo inayobanwa muda wote. Kifuniko kikiinuka au boksi likibanduka hata kidogo, swichi inaachia, na ndipo unaambiwa imechezewa. Kwa hiyo mama alikuwa anakagua komeo usiku kucha, kumbe kilichokuwa kinalalamika ni kile kijiboksi.

Nilianza na betri, kwa sababu kila niliyemuuliza alisema betri. Nikaweka mpya, CR2032 ya volti 3. Jioni ujumbe ukarudi. Kwa kawaida betri ikichoka mfumo unakuwa na ujumbe wake mwingine, nami nilipaswa kuliwaza hilo kabla ya kwenda dukani.

Jumamosi nikaweka mfumo kwenye hali ya majaribio, maana ukifungua kifuniko bila kufanya hivyo king'ora kinaweza kuamsha mtaa. Ndani nikaona springi nyembamba kama uzi, imeota kutu ya kijani upande mmoja na imelala badala ya kusimama. Gundi ya pande mbili mgongoni nayo ilikuwa imeachia kwenye kona ya juu; karatasi ilipita bila kukwama. Nikalikandamiza boksi kwa kidole gumba, tahadhari ikatulia. Nikaachia, ikarudi. Nikarudia mara tatu, matokeo yakawa yaleyale.

Anayeishi Shangani hashangai. Chumvi hii inakula bawaba, inakula bati la paa, itaachaje kiwaya kidogo namna hiyo? Niliisafisha springi kwa pamba na spiriti, nikainyoosha kwa kibano, nikabandua gundi yote, na boksi nikalifunga kwa skrubu mbili kwenye fremu ya mbao. Kama springi ingekuwa imekatika ningenunua sensa nyingine. Wapo wanaoibana swichi kwa gundi ili isiachie tena kamwe. Hao wameizima tu kwa njia nyingine.

Baada ya hapo ujumbe uliendelea kukaa kwenye boksi kuu linaloendesha mfumo, nikadhani nimefanya kazi bure. Lakini mifumo mingi, hata tahadhari yenyewe ikishatulia, hushikilia kumbukumbu yake mpaka uifute mwenyewe. Nikazima ulinzi, nikauwasha upya, ukaondoka.

Mafundi wetu, nawaomba jambo moja. Mnapofunga vifaa hivi kando ya bahari, Shangani, Mikindani au Lindi mjini, msitegemee gundi peke yake, na mrudi kuvifungua na kuvisafisha kabla chumvi haijavimaliza. Halafu mkalisheni mwenye nyumba, hata kama ni mama wa miaka sabini, mumwoneshe kwa kidole: tahadhari hii ni ya dirisha, hii ni ya boksi. Mimi ilinichukua dakika kumi kumweleza mama. Siku hizi ujumbe ukija haanzi na komeo. Anakandamiza boksi kwanza, anasikiliza, halafu ananipigia yeye.