Vistari viwili baina ya remember na kumbuka

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, aliye kidato cha pili, alikuja kwetu Mwembetanga amenuna, na daftari lake la Kiingereza kwapani. Skuli walitakiwa kumwandikia rafiki barua ya kubuni, naye katika barua yake akaandika, "Please remember me to buy sugar." Neno "remember" lilikuwa limezungushiwa duara la wino mwekundu, na pembeni pametiwa alama ya kukosa bila ya maelezo yoyote. "Mjomba," akaniuliza, "si remember ni kumbuka? Sasa mimi nimekosa wapi?" Nilipofunua kurasa za mwisho, anakoweka msamiati wake, niliona lilikoanzia tatizo. Ameandika kwa hati nzuri kabisa "remember = kumbuka", na vile vistari viwili vya hesabu vimekaa katikati, kana kwamba maneno ya lugha mbili yanaweza kutiwa kwenye mizani yakalingana kama kilo ya mchele na jiwe lake.

Maoni yangu ni kwamba vistari vile ndivyo vinavyotuharibia watoto, wala si uvivu wao. Mtoto huyu alikosea kwa sababu anakijua vyema Kiswahili chake. Kwetu kitenzi kimoja huzaa ukoo mzima: anayeamka ameamshwa, kinachochemka kimechemshwa, kilichoanguka pengine kimeangushwa, na anayekumbuka huenda amekumbushwa. Kutoka hapo tunapata kumbukumbu, ukumbusho na makumbusho, neno ambalo kila aliyekulia mjini Unguja alilijua kwanza kama jina la lile jengo jeupe lenye kuba pale Mnazi Mmoja, lililojengwa mwaka 1925, ambalo Waingereza walilipa jina la maneno matatu, Peace Memorial Museum, sisi tukatosheka na moja. Mwenye lugha ya namna hii akishaambiwa kwamba "remember" ni kumbuka, basi ataona ni haki yake kulitumia neno hilohilo kwa kumbusha, maana akilini mwake ni kitenzi kile kile kilichobadilisha sauti moja tu. Mwingereza hana mlango huo. Akitaka kusema kumbusha hulichukua neno jengine, "remind", lililoundwa katika karne ya 17 kwa kuunganisha "re-" na "mind", yaani akili, na ambalo kwa asili halina uhusiano wowote na "remember" isipokuwa hiyo silabi ya mwanzo.

Hata hivyo, nilimwambia mpwa wangu jambo moja lililompoza kidogo. Sentensi yake ni kosa leo, lakini zamani haikuwa kosa. Katika tamthilia ya Shakespeare tuijuayo kwa Kiswahili kuwa Tufani, yule jini Ariel anamtaka bwana wake atimize ahadi, naye husema, "Let me remember thee what thou hast promised", kwa maana ya ngoja nikukumbushe uliloniahidi. Mwalimu ana haki ya kalamu yake nyekundu, kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza cha sasa, ila ningependa mtoto aelezwe kwamba amechelewa miaka mia nne, kuliko kuachiwa duara tupu.

Kuhusu asili ya neno lenyewe, nina dukuduku la siku nyingi. Katika warsha moja niliyohudhuria, mtoa mada alisimama akatueleza kwa madaha kwamba "remember" ni "re" na "member", basi kukumbuka ni kuvirudisha viungo vya mwili vilivyotawanyika vikaungana tena. Ukumbi mzima ukaitikia, na baadhi wakaandika. Maneno ni matamu, lakini si kweli. "Member" linatokana na neno la Kilatini "membrum", yaani kiungo, wakati "remember" linatokana na "memor", yaani mwenye kukumbuka, ambalo katika Kilatini cha baadaye lilizaa kitenzi "rememorari". Wafaransa wa kale walilipokea wakalitamka "remembrer", na katika karne ya 14 likawa limekwishaingia katika Kiingereza, kama maneno mengi ya Kifaransa yaliyopata njia baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066.

Inayowapoteza watu ni hiyo "b". Katika Kilatini cha "memor" haimo. Iliingia kwa Wafaransa, kwa sababu irabu iliyokuwa baina ya "m" na "r" ilipodondoka, kinywa kilishindwa kutoka kwenye "m" kwenda kwenye "r" bila ya kugusa "b" njiani. Ndivyo "numerus" la Kilatini lilivyokuwa "nombre", Waingereza wakalifanya "number", nasi tukalichukua tukasema namba. Kila siku muuza duka anapoomba namba ya simu, anaitamka ile "b" ya Wafaransa, na hakuna anayesema kwamba namba zina viungo.

Lipo jengine ambalo binafsi hulionea raha zaidi. Waingereza walikuwa na kitenzi chao cha asili cha kukumbuka, "gemunan", wakakiacha kikafa, wakaazima cha Kifaransa; lakini "forget", kusahau, ni lao tangu Kiingereza cha kale. Sisi tumefanya kinyume chake. Kumbuka ni letu la Kibantu, lina ndugu mpaka kusini, kwani Wazulu husema "khumbula" na Wachewa "kumbukira". Kusahau ndiko tulikokuazima, kutoka "sahw" la Kiarabu, na kila anayeswali analifahamu kwa karibu, maana aliyepitiwa katika rakaa zake huleta sijida ya kusahau kabla ya kuondoka kwenye mswala. Kila nikilifikiri hili nacheka peke yangu: wao wameazima kukumbuka, sisi tumeazima kusahau.

Katika matumizi, pahala panapowatoa jasho wanafunzi ni kinachofuata baada ya "remember". Mwaka jana nilikuwa bandarini Malindi, nimeshapanda boti ya Pemba na begi liko miguuni, mara moyo ukanipiga: mlango wa nyumba nimeufunga? Nikaanza kutafuta picha ya mkono wangu ukizungusha ufunguo. Hiyo picha ndiyo "I remember locking the door", nakumbuka nilifunga; macho yanatazama nyuma. Ama "I remembered to lock the door" ni habari nyengine, kwamba kazi ilikuwa mbele yangu, nisingeikumbuka ningeiacha, lakini nikaikumbuka nikaifanya. Kiswahili kikisema "nilikumbuka kufunga mlango" hutegemea msikilizaji aelewe mwenyewe. Mlango, kwa faida ya anayetaka kujua, nilikuwa nimeufunga, lakini mpaka boti inafika nilikuwa sina raha.

La "I am remembering" nitalipita haraka: kwa kawaida Mwingereza hakumbuki kwa "-ing", husema "I remember" basi, hata kama sisi tunasema ninakumbuka kama tunavyosema ninakula. Na akikwambia "remember me to your mother", hataki umkumbushe mama yako chochote, anakwambia umsalimie.

Upande wa pili wa vistari ndio mzito zaidi, nao haufundishwi kabisa. Shangazi yangu aliyeko Wete hunipigia simu kila baada ya wiki mbili, na salamu zikisha husema, "Mwanangu, nimekukumbuka." Hana maana kwamba alikuwa amenisahau kisha nikamjia akilini. Ana hamu ya kuniona. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia huongeza, "Ukijaaliwa, unikumbuke," na hapo sote wawili tunajua kuwa yanayozungumzwa ni sukari, tende na nauli ya mtu wa kuvipeleka. Kiingereza kinayo kidogo maana hii ya pili, kwani mtu anaweza kumkumbuka jamaa yake katika wasia akamwachia fungu, lakini ile ya kwanza hakinayo katika "remember", na mtu akiitafsiri neno kwa neno atamfanya shangazi aonekane ameanza kupoteza fahamu.

Mpwa wangu alilisikiliza hili kwa makini kuliko yote. Akafuta, akaandika upya, "Please remind me to buy sugar," kisha akauliza, "Sasa mjomba, la bibi wa Wete nikilitaka kwa Kiingereza niseme nini?" Nikamwambia aseme "I miss you". Akafunua kurasa za mwisho za daftari, akalitafuta "miss" katika orodha yake, akalipata. Limeandikwa tangu mwaka jana, kwa hati ile ile nzuri: "miss = kukosa".