Migebuka Wawili wa Stop

Jamani, Kiingereza kitanifilisi. Mimi ni baba lishe, kibanda changu kipo Kibirizi, hapa Kigoma, pale watalii wanapopandia boti kwenda Gombe kuona sokwe. Mteja wa aina hiyo hapiti kila siku. Akipita, unamkamata.

Juzi kapita mmoja. Kaangalia karai langu, kasema taratibu: "I stopped eating fish." Nikakusanya Kiingereza changu chote cha darasa la saba. Stop, simama. Eat, kula. Fish, hiyo hata paka wa Kibirizi anaijua. Nikaunga: mgeni kasimama, ale samaki. Karibu sana! Nikamchagulia migebuka wawili walionona, nikawageuza kwenye mawese mpaka mikia ikakauka kau, ndimu juu, pilipili pembeni. Anatikisa kichwa, mimi nikajua anasifu.

Sahani akaisukuma kando. Akatoa Kiswahili chake: "Baba, nipike wali."

Nikamtazama juu mpaka chini. Pande la mtu. Sufuria langu halimtoshi hata miguu.

Jioni binti yangu wa kidato cha pili ndiye kanimaliza. "Baba, stopped eating ni ameacha kula. Angesimama ili ale, angesema stopped to eat." Yaani haka ka-"to" kenyewe, kadogo kuliko jicho la dagaa, ndiko kalikokuwa kamebeba mtaji wangu! Sisi kusimama ni kusimama, kuacha ni kuacha. Wenzetu stop ni hiyo hiyo, maana ukaitafute huko mbele.

Na ule wali? Kumbe kwao wanasema cook me rice. Kitenzi hakiguswi, hakuna pikia, hakuna pikisha. Mtu na wali wanapangwa foleni nyuma ya cook, wa kwanza anapikiwa, wa pili anapikwa. Sasa mteja akipaliwa kabla hajafika kwenye rice? Si kashapikwa huyo!

Nikageuka nimuulize mama watoto tuwafanyeje wale migebuka. Nikamkuta yuko mkekani, tonge la ugali wa muhogo mkononi, mmoja kabaki kichwa.

"Na wewe mwenzangu ume-stop ipi?"

"Mimi sijasimama wala sijaacha," kasema, mkono ukimfuata wa pili. "Nimekaa."