Dakika Mbili au Saa Nzima: Malipo Yanavyogusa Urefu wa Muziki wa Ambienti

Wafuatiliaji wa albamu mpya za muziki wa ambienti (muziki tulivu wa kujenga mazingira ya sauti), wa majaribio na ule wa kielektroniki wenye sura ya kisinema wana ubishi mmoja wa siku nyingi: je, vipande vinafupishwa kwa sababu sauti yenyewe inadai hivyo, au kwa sababu majukwaa ya kusikilizia mtandaoni yanalipa hivyo?

Wanaolalamika wana hoja nzito. Kwenye Spotify, jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, usikilizaji huhesabiwa pale sekunde 30 zinapotimia, na hesabu hiyo haijali kama kipande ni cha dakika 2 au cha dakika 60. Msanii anayeacha sauti moja ibadilike polepole kwa saa nzima huandikiwa hesabu moja, ilhali mwenzake aliyeikata saa hiyohiyo vipande 30 huandikiwa hesabu 30 kutoka kwa msikilizaji yuleyule. Ni kweli kwamba tangu 2024 kipande kisichofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 hakilipwi mrabaha wa rekodi, na sharti hilo humkatisha tamaa anayekatakata ovyo. Lakini ndilo pia linalomuumiza msanii wa majaribio, ambaye wasikilizaji wake ni wachache tangu mwanzo.

Kinachopotea si kidogo. Mwaka 2001 mtunzi wa Marekani William Basinski alikuwa akihamishia kanda zake za zamani kwenye mfumo wa kidijitali, akaona utando wa sumaku ukibanduka kila kanda ilipozunguka. Aliiacha izunguke. Sehemu ya kwanza ya kazi iliyotokana na hilo, The Disintegration Loops, inazidi saa moja, na katika muda huo msikilizaji huisikia sauti ileile ikichakaa kidogo kidogo hadi ibaki mikwaruzo na ukimya. Ukichukua dakika mbili za kazi hiyo utapata mwangwi mzuri, lakini hutausikia uchakavu wenyewe, ambao ndio utunzi.

Hata hivyo, wanaotetea ufupi hawasemi ovyo. Wanakumbusha kwamba urefu wa muziki huu haujawahi kuwa huru. Discreet Music, albamu ya mtunzi Mwingereza Brian Eno ya mwaka 1975, ina kipande cha takriban nusu saa kwa kuwa upande mmoja wa santuri haukuweza kubeba zaidi ya hapo. CD ilipokuja, yeye huyohuyo akatoa Thursday Afternoon mwaka 1985, kipande kimoja cha zaidi ya saa. Katikati ya hizo kuna Music for Films ya 1978, yenye vipande vifupi 18, vingine vikiwa vya filamu ambazo hazikuwepo. Muziki wa kisinema, wanasema, hupumua kwa kipimo cha onyesho. Mtunzi wa Iceland Hildur Guðnadóttir alipotunga muziki wa tamthilia ya televisheni ya Chernobyl ya 2019, alitumia sauti zilizorekodiwa ndani ya kinu cha nyuklia kilichozimwa huko Lithuania, na vipande vingi vilivyotokana na kazi hiyo ni vifupi bila kupungukiwa na chochote.

Hoja hiyo naikubali, ila naona imeruka jambo moja. Mpaka wa santuri ulimfunga kila mtunzi sawasawa, naye aliujua kabla hajaanza, hivyo akautunga ndani ya kazi. Mpaka wa malipo haufungi chochote kiufundi, kwani jukwaa linaweza kubeba hata kazi kama Sleep ya mtunzi Max Richter ya 2015, inayozidi saa nane. Unachofanya ni kumpa zawadi anayekata. Tofauti husikika. Kipande cha saba kikiisha na cha nane kikaanza bila pumzi, kwenye mvumo uleule na ufunguo uleule, mkato huo haukudaiwa na muziki. Kwa upande mwingine, albamu ya Peel ya KMRU, msanii wa Kenya, iliyotolewa na lebo ya Editions Mego mwaka 2020, imejengwa juu ya rekodi za mazingira, haina haraka hata kidogo, na bado imepata masikio mbali na alikozaliwa mtunzi wake.

Kuuza albamu nzima kwenye Bandcamp, tovuti ambako wasanii huwauzia mashabiki muziki moja kwa moja, huondoa adhabu ya urefu, lakini kampuni hiyo imeuzwa mara mbili, mwaka 2022 na 2023, na ni vigumu kujenga riziki juu ya nyumba inayobadilisha wenyewe hivyo. Dawa inayotajwa zaidi ni kulipa kwa dakika zilizosikilizwa. Naiunga mkono, nikijua kikwazo chake: rekodi za mvua na feni zinazoachwa usiku kucha zingemeza sehemu kubwa ya fungu la fedha wanalogawana wasanii. Spotify imekwisha kuziwekea rekodi za namna hiyo malipo ya chini, na kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuamua kelele inaishia wapi na muziki unaanzia wapi. Kwenye uwanja huu swali hilo ndilo kazi yenyewe, tangu Mfaransa Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio, alipochukua milio ya treni jijini Paris mwaka 1948 na kuitangaza redioni kuwa utunzi.