Vespa Iuzwe, Gari la Mbao Libaki

Novemba 2022, katika mnada wa RM Sotheby's mjini London, Rolls-Royce Silver Shadow ya mwaka 1974 iliuzwa kwa pauni 286,250. Ilikuwa ya Freddie Mercury, mwanamuziki aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na fedha zake zilikwenda kusaidia hospitali ya majeruhi wa vita nchini Ukraine. Gari hilo hilo lilishawahi kupigwa mnada mwaka 2013 likaondoka kwa pauni 74,600. Katika miaka tisa bei imepanda karibu mara nne, na bati ni lile lile. Silver Shadow zilitengenezwa kwa maelfu, na ile isiyokuwa na jina la mtu mashuhuri hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Kilichonunuliwa pale London ni jina la mwenyewe, pamoja na karatasi za kuthibitisha kwamba lilikuwa lake kweli.

Nimelitaja gari hilo kwa sababu huku kwetu Zanzibar mjadala wa vyombo vya zamani huendeshwa kana kwamba suala ni moja tu, kuuza au kutouza. Mtu ana Vespa aliyoachiwa na babake. Mwengine ana Land Rover iliyosimama chini ya mwembe shamba tangu injini ilipokufa. Anatokea mnunuzi, anataka kuisafirisha ikapigwe mnada Ulaya, na hapo barza nzima inagawika. Wako wanaosema mali ni yake, auze ale na wanawe. Wako wanaosema tukiendelea hivi, wajukuu zetu watayaona magari ya Zanzibar kwenye picha zilizopigwa na wageni. Hoja zote mbili zina uzito, nami nitazipima. Lakini nionavyo mimi, kila upande umekamata chombo sicho; cha kugombania ni gari la mbao, lori lililoundiwa bodi na maseremala wa hapa.

Tuanze na wanaotaka kuuza, maana hoja yao inaanzia kwenye kutu, na kutu haingoji mkutano. Vespa, tangu kampuni ya Piaggio ilipoanza kuiunda Pontedera, Italia, mwaka 1946, haina fremu. Bodi ya bati ndiyo inayobeba injini, magurudumu na mpandaji. Kwa hivyo kutu ikishaila sakafu, imeshakula uti wa mgongo. Fundi anayeijua kazi haangalii rangi kwanza. Anainua mpira wa pale miguu inapokaa, anagonga kwa mpini wa bisibisi, na anasikiliza: bati zima hulia, bati lililooza linajibu kwa sauti butu na unga mwekundu unamwagika chini. Kisha anapitisha sumaku mbavuni. Inaponata pana chuma, inapoteleza pana puti ya kuzibia matundu, iliyopigwa rangi juu. Vespa nyingi za Mji Mkongwe, zinazolala nje usiku kucha na upepo wa bahari, zina mahali pakubwa ambapo sumaku inateleza.

Land Rover nayo ina hadithi yake. Ilipotolewa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza kwa sababu ya vita, kwa hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Chasisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ikabaki ya chuma. Ndiyo maana hapa visiwani unaweza kuikuta moja milango yake mizima kabisa, na chini chasisi imetafunwa mpaka unapitisha kidole. Mwenye gari kama hilo, asiye na uwezo wa kuchomelea chasisi nzima, akiambiwa asiuze kwa sababu ni urithi, anaambiwa aangalie urithi ukioza uani kwake.

Na tusimwambie alipeleke makumbusho. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na lililokuwa makumbusho yetu makubwa, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Ikiwa jumba lenyewe, ndani ya mji uliotambuliwa na UNESCO tangu mwaka 2000, lilifika huko, hatuna uso wa kumdai mzee wa Makunduchi atunze Land Rover kwa pensheni yake.

Sasa upande wa pili. Wanaopinga kuuza wana hoja moja ambayo wauzaji hawapendi kuisikia, nayo ni kwamba Mzanzibari karibu hauzi mnadani hata kidogo. Anauza mlangoni kwake. Anayepeleka mnadani ni yule aliyenunua kutoka kwake.

Bei zinazozunguka kwenye simu ndizo zinazovuruga akili. Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé iliuzwa Stuttgart kwa yuro milioni 135, lakini za aina ile ziliundwa mbili tu duniani. Januari 2023 pikipiki ya Harley-Davidson ya mwaka 1908 iliuzwa Las Vegas kwa dola 935,000, nayo ni ya miaka ya mwanzo kabisa ya kampuni ile. Vespa ya miaka ya 1960 haimo katika safu hiyo. Viliundwa vyombo vingi mno, Italia na hata India, ambako kampuni ya Bajaj iliziunda kwa leseni ya Piaggio mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwenye chombo akishaziona namba hizo, ama anakataa bei ya haki kwa kudhani amekalia mamilioni, ama anauza kwa hasira baada ya kuvunjwa moyo. Mnunuzi anayekuja na sumaku mfukoni anajua thamani halisi, na kujua huko ndiko kunakompa nguvu.

Tuseme basi mwenye chombo ameamua kwenda mnadani mwenyewe. Nyumba ya mnada itamtaka picha, namba ya chasisi na ya injini, na historia ya umiliki. Watakubaliana bei ya chini kabisa, ambayo dau lisipoifikia chombo hakiuzwi. Kamisheni itakatwa kwake, na mnunuzi naye atalipa nyongeza yake juu ya bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 15 au zaidi. Nyongeza hiyo inaonekana ni ya mnunuzi, lakini huyo ameshaipiga hesabu kabla ya kunyoosha mkono, kwa hivyo dau lake linapungua kwa kiasi hicho hicho. Kabla ya yote hayo kuna kontena kutoka bandari ya Malindi, bima na forodha za huko. Dau lisipofika, chombo kiko Ulaya, gharama ya ghala inahesabiwa, na mwenyewe yuko Kwahani. Kwa mtu mmoja mwenye Vespa moja, hesabu hii haikubali. Kwa mnunuzi mwenye kontena lililojaa, inakubali vizuri sana.

Jambo la karatasi linaumiza zaidi. Gari la Mercury lilipanda bei kwa sababu historia yake inaweza kuoneshwa. Vyombo vyetu vina historia, lakini kadi zimepotea, zimeliwa na mchwa, au bado ni za mmiliki wa tatu nyuma aliyehama zamani. Mtu anakwambia Land Rover hii ilikuwa ya daktari wa wilaya Pemba, ilipanda njia ya Wete mvua za masika wakati gari nyengine zimekwama. Huenda ni kweli tupu. Mnadani hadithi hiyo haina bei, kwa sababu hakuna picha wala hati inayoyasema hayo.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo soko la wakusanyaji wa magari ya zamani linapogongana na maisha yetu moja kwa moja. Soko hilo linalipia chombo kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani: injini yake ya kwanza, namba za injini na chasisi zinazolingana na za kiwandani, kabureta ile ile. Hata sheria za kodi zinasukuma huko. Uingereza, gari lililotimiza miaka 30, la muundo usiotengenezwa tena na lililobaki katika hali yake ya asili, linaweza kuingizwa bila ushuru wa forodha na kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5 badala ya 20. Lililobadilishwa linaikosa nafuu hiyo.

Lakini hapa chombo kiliishi kwa kubadilishwa. Spea za Uingereza zilipoadimika, Land Rover ikafungwa injini ya dizeli ya Toyota ikaendelea kupakia nazi. Vespa ya Italia ikapata silinda ya Bajaj. Taa ikatoka kwenye pikipiki nyengine, kiti kikashonwa Darajani. Bila ya mafundi hao chombo kingekuwa chuma chakavu miaka 40 iliyopita, na leo mkusanyaji anakiona na kutikisa kichwa kwamba kimeharibiwa. Mimi sikubaliani naye, na siko peke yangu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, lilipitisha Mkataba wa Turin mwaka 2012, na mkataba huo unayachukulia mabadiliko yaliyofanywa chombo kikiwa bado kazini kuwa sehemu ya historia yake. Kwa kipimo hicho, Land Rover yenye moyo wa Toyota ni ushahidi wa namna visiwa hivi vilivyokwenda wakati hakuna kilichokuja melini. Mnada unampunguzia bei mwenye ushahidi huo, na akitaka bei nzuri lazima kwanza aufute.

Kutokana na hayo nafika kwenye msimamo wangu. Vespa na Land Rover ambazo mwenyewe hawezi kuzitunza ziuzwe, na zikienda mnadani hakuna msiba. Vyombo hivyo viliundwa kwingine kwa wingi, na vilivyo kama hivyo vitaendelea kuonekana duniani. Kisichoonekana kwengine ni gari la mbao.

Vijana wa mjini wanaozijua Coaster na Hiace tu huenda hawalijui vyema. Lilikuwa lori, mara nyingi Bedford la Kiingereza, likija na kichwa, chasisi na injini. Yaliyobaki yalikuwa ya seremala wa hapa: nguzo za mbao ngumu zikisimamishwa juu ya chasisi, paa la mbao lenye nguvu ya kubeba baiskeli, magunia ya makaa na matenga ya samaki, mabenchi mawili marefu yakitazamana, na mbavu zilizo wazi zenye turubai la kuteremsha mvua ikija. Abiria walikaa goti kwa goti kutoka Nungwi mpaka Darajani. Nguzo ziliungwa kwa namna inayoruhusu bodi kucheza kidogo barabara inapokuwa mbovu, maana bodi ngumu ingepasuka. Ujuzi huo haukutoka kiwandani Uingereza, na hakuna katalogi ya mnada inayoupangia bei.

Haya nayo yana upande wa pili, na lazima usemwe. Aliyepanda gari la mbao na mtoto mgonjwa, mvua ikiingia kutoka pembeni, halitamani. Halina mikanda, likipinduka mbao hazimlindi mtu, na mama mjamzito kulipanda kwa nyuma ilikuwa adhabu. Hakuna sababu ya kumlazimisha mtu wa Matemwe asafiri kwa makumbusho wakati mwenzake anakaa kwenye kiti cha Coaster. Yakiondoka barabarani ni sawa. Kinachonitia hofu ni namna yanavyoondoka: kichwa kinauzwa kwa spea, chasisi inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mbao zinapikiwa.

Wapo wanaotaka sheria ya kuzuia vyombo vyote vya zamani kutoka nje ya nchi. Mfano upo: India kwa miaka mingi imeyafungia milango magari yaliyotengenezwa kabla ya 1950, na Italia huchunguza vyombo vilivyopita miaka 75 kabla ya kuviruhusu kutoka. Lakini nchi hizo zina wakusanyaji wa ndani wenye fedha wa kununua kinachozuiliwa. Sisi tukizuia bila ya kuwa na mnunuzi wa ndani, tutakuwa tumemnyang'anya mzee bei yake na kuiachia chumvi imalizie kazi. Afadhali utaratibu mwepesi zaidi: kabla chombo hakijapanda meli, kipigwe picha, namba zake ziandikwe, na mwenyewe aeleze alichokijua juu yake. Utaratibu huo ungemfaa muuzaji mwenyewe kwanza, kwa sababu ndio unaompa ile historia ambayo mnada unailipia na ambayo leo mlanguzi anaitunga njiani.

Kwa gari la mbao nataka zaidi ya hapo, na nataka liwe na mlipaji. Mwenye gari hilo naye ana watoto wa skuli, hawezi kuombwa uzalendo peke yake wakati jirani yake aliyeuza Vespa anaezeka nyumba. Mamlaka za serikali zinapopiga mnada magari yao chakavu, yale ya zamani yatengwe kwanza yakaguliwe. Wenye mahoteli, ambao picha za visiwa hivi zinawajazia vyumba, wanaweza kununua magari mawili matatu ya mbao kwa bei ya haki na kuyaendesha taratibu kwa wageni, kwa sharti la kutoyavalisha mito na vioo mpaka yakawa kitu chengine. Wenzetu wa Nairobi wamekuwa na maonesho ya kila mwaka ya magari ya zamani tangu 1970, na thamani ya vyombo vyao imejengwa pale uwanjani, mbele ya watu wao.

Maseremala walioziunda bodi hizo ni watu wazima sasa, na wanafunzi wao wameshahamia kwenye madirisha ya aluminiamu. Kuwapigia picha wakionesha walivyounga nguzo kwenye chasisi hakuhitaji sheria wala bajeti ya wizara. Simu inatosha, na kazi hiyo inaweza kuanza Chake Chake au Mwanakwerekwe wiki hii, kabla hatujakubaliana nini kiuzwe na nini kibaki.