Goti la mchezaji, mdomo wa shabiki

Kila mara wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza wanapopiga goti kupinga ubaguzi wa rangi kabla ya kipyenga cha kwanza, vibanda vya kutazamia mpira vya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hugawanyika. Wapo wanaopiga makofi, wapo wanaoguna, na wapo wanaosema kwa sauti kwamba vijana hawa wanatupotezea muda, waanze mpira. Tendo lenyewe halimalizi hata nusu dakika. Ubishi wake huenda hadi mapumziko, ukahamia kwenye stegi ya boda, na Jumatatu ukaukuta sokoni unaendelea.

Nina upande wangu katika ubishi huu. Naona swali tunalogombania, kwamba goti lina faida au halina, tumemwuliza mtu asiyestahili kuulizwa. Tunamkalia vikao anayetukanwa: apige goti, asimame, aondoke uwanjani, anyamaze? Anayetukana hatumwulizi kitu. Na mara nyingine anayetukana tumekaa naye benchi moja.

Nianze na hoja ninayoisikia zaidi, kwa kuwa ni ya kwetu kabisa. Uganda goti lina uzito wake. Buganda na Busoga binti humpigia goti mkubwa anapomwamkia, na hata huku kwetu West Nile wanawake wengi bado hupiga goti wanapowanawisha wageni mikono. Goti ni heshima inayotoka chini kwenda juu. Kwa hiyo ligi ilipofufuka tarehe 17 Juni 2020, Aston Villa dhidi ya Sheffield United, na wachezaji wote pamoja na refa wakapiga goti, wengi walishtuka. Wakati huo vibanda vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya korona, tukaliona goti hilo kwenye simu na kwenye televisheni za majirani. George Floyd, Mmarekani mweusi, alikuwa ameuawa na polisi Minneapolis tarehe 25 Mei, hata mwezi haujaisha, na migongoni mwa wachezaji majina yao yalikuwa yameondolewa, yakawekwa maneno ya kudai kwamba maisha ya watu weusi yana thamani.

Vibanda vilipofunguliwa tena, mzee mmoja, mwalimu mstaafu ambaye hakosi mechi ya Arsenal, alikuwa na neno lake. "Mwanangu, mwanamume hampigii mwanadamu goti. Goti ni la Mungu. Hawa watoto wanamwomba nani msamaha, na wao ndio waliokosewa?"

Hoja hiyo si ya kuchekwa. Wilfried Zaha, mzaliwa wa Abidjan, alisimama peke yake tarehe 13 Machi 2021 Crystal Palace ilipocheza na West Brom, wenzake wote wakiwa wamepiga goti. Alieleza kwamba wazazi wake walimlea ajivunie weusi wake, na kwamba goti anaona linamshusha. Akaongeza kwamba limegeuka utaratibu tu wa kabla ya mechi, na wakipiga goti au wakisimama, matusi yanaendelea kuwafikia. Kabla yake, Septemba 2020, Les Ferdinand, mkurugenzi wa soka wa klabu ya QPR, alikuwa ameshasema kwamba ujumbe umepungua nguvu. Hawa ni watu weusi waliocheza mpira huo, wanajua wanachokisema.

Ila nilimweleza mzee lilikotoka goti lenyewe. Mwaka 2016 Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alianza kwa kukaa kwenye benchi wimbo wa taifa ukipigwa, akipinga jinsi polisi wanavyowatendea watu weusi. Askari mmoja wa zamani, Nate Boyer, alikutana naye akamshauri apige goti badala ya kukaa, kwa sababu askari hupiga goti mbele ya kaburi la mwenzao. Basi goti lile halikuzaliwa kama salamu ya mdogo kwa mkubwa. Lilizaliwa kama heshima ya msibani. Na Kaepernick alililipia, maana tangu msimu ule uishe hakuna timu ya NFL, ligi ya mpira huo, iliyomchezesha tena.

Mzee alinyamaza kidogo. "Hilo hawakutuambia," akasema. Bado halipendi goti, na sikumlazimisha alipende. Lakini tangu siku hiyo haulizi tena wanamwomba nani msamaha.

Kundi la pili ni la wanaosema siasa isiingie uwanjani. Hao nina uvumilivu mdogo nao. Mashabiki wa klabu ya Millwall ya London walizomea goti Desemba 2020, siku ya kwanza waliyoruhusiwa kurudi uwanjani kwao baada ya korona. Juni 2021 sehemu ya mashabiki wa England waliwazomea wachezaji wao wenyewe mjini Middlesbrough, siku chache kabla ya Euro. Kocha Gareth Southgate akawaandikia barua ya wazi kutetea haki ya wachezaji wake kusema. Waziri wa Mambo ya Ndani, Priti Patel, yeye alisema ni siasa za ishara tu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Julai kwenye fainali ya Euro pale Wembley, Rashford, Sancho na Saka walikosa penati dhidi ya Italia, na kabla hawajavua jezi, simu zao zilikuwa zimeshajaa picha za nyani. Saka alikuwa na miaka 19. Anayesema siasa ndiyo iliyoingia uwanjani siku ile, anieleze hizo nyani ziliingia kwa mlango gani.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Baada ya fainali ile, kitengo cha polisi wa soka cha Uingereza kilichambua matusi yaliyoripotiwa. Machapisho 207 yalionekana kuwa ni jinai. Akaunti 34 zilikuwa za watu walio Uingereza. Akaunti 123 zilikuwa za watu walio nje ya nchi hiyo.

Sisi tuko nje ya nchi hiyo. Sisemi zilitoka Uganda, hakuna aliyesema hivyo. Ninachosema ni kwamba tukizungumzia ubaguzi wa mpira tunauweka mbali mno: Wahispania, Waitaliano, wazee wa Millwall. Sisi tunajihesabu upande wa wanaoonewa, na jambo linaishia hapo.

Kaeni na mimi kwenye kibanda kimoja, jioni ya mechi ya Manchester United. Kiingilio shilingi 1,000, mabenchi ya mbao, jenereta nyuma inanguruma, watu wamebanana hadi mlangoni. Wachezaji wanapiga goti, na kijana wa mstari wa mbele, dereva wa boda, anapiga makofi kwa nguvu na kusema, "Safi, wafundisheni wazungu adabu!" Mechi inaendelea. Kipa wa United, Mwafrika, anapiga pasi mbovu, bao. Yule yule kijana anasimama na mkeka wake wa kubeti mkononi: "Nyani mkubwa wewe! Rudi porini!" Kibanda kizima kinacheka. Mtoto anayeuza mayai ya kuchemsha, labda wa miaka kumi, anacheka pia, na dakika chache baadaye namsikia analirudia neno lile kwa mwenzake huko nje.

Nilimfuata kijana yule mapumziko. Hakunikasirikia. Alinishangaa tu. "Kaka, mimi mwenyewe mweusi. Nitambaguaje mweusi mwenzangu?"

Jibu hilo nimelisikia kutoka kwa watu wenye shahada na wasio nayo, na ndilo naliona hatari kuliko kuzomea kwa Middlesbrough. Anayezomea anajulikana yuko upande gani. Huyu wetu anaamini weusi wake umempa kibali. Lakini neno lile kabla ya kufika mdomoni mwake lilipita mikononi mwa watu waliolitumia kuhalalisha utumwa na ukoloni, waliotuambia kwamba sisi si binadamu kamili. Ukilitamka wewe halioshwi. Na siku hizi halibaki kibandani. Kijana anaketi juu ya pikipiki yake, anafungua simu, analiandika chini ya picha ya mchezaji. Kule Manchester mchezaji anafungua yake, anasoma. Haoni rangi ya kidole kilichoandika. Anaona nyani mwingine, anaongeza kwenye rundo.

Kuna cha kwetu zaidi ambacho hatukipendi kukisema. Sisi wa kutoka huku kaskazini-magharibi tumesafiri na timu zetu hadi Kampala tukarushiwa maneno jukwaani juu ya weusi wa ngozi zetu, juu ya kabila, juu ya vita ambavyo wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Nilikuwa nimevaa jezi, nina mtoto wa dada yangu begani, na mtu mzima nyuma yetu akauliza kwa sauti kama gizani huwa tunaonana. Waliomzunguka wakacheka kile kile kicheko cha kibandani. Mtoto aliniuliza, "Mjomba, anatusema sisi?" Mkuki kwa nguruwe. Kila mmoja wetu hapa Uganda ana mahali anapochomwa na mahali anapochoma, na mpira hutupa ruhusa ya kufanya yote mawili kwa dakika tisini.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba goti halijaondoa ubaguzi, nakubali, halijaondoa. Manahodha wa Ligi Kuu wenyewe waliamua Agosti 2022 walipunguze, libaki kwa mechi maalum. Wanawake wa England waliacha kabisa Julai 2025, kwenye nusu fainali ya Euro dhidi ya Italia, baada ya mwenzao Jess Carter kutukanwa mtandaoni, wakisema inahitajika njia nyingine. Sawa. Lakini goti lilikuwa na kazi gani hasa? Mchezaji hana mamlaka ya kumfungia mtu uwanja. Hana polisi. Ana mwili wake na sekunde chache ambazo kamera zinamtazama. Alitumia alichokuwa nacho. Wenye mamlaka ndio wa kuulizwa mengine yako wapi.

Wenye umri wangu wanamkumbuka Samuel Eto'o wa Barcelona, Februari 2006 pale Zaragoza, Hispania. Mashabiki wanamlilia kama nyani, yeye anaanza kutoka uwanjani, anasema basi, sichezi tena. Wachezaji wenzake, wapinzani, refa, kocha wake Frank Rijkaard, wote wanamzunguka kumbembeleza abaki. Akabaki, Barcelona wakashinda 2-0, na habari ikawa ushindi. Ukiitazama video ile leo, tazama watu wote wanamwendea nani. Uwanja mzima unamshughulikia Eto'o. Hakuna anayeshughulika na jukwaa.

Miaka 17 baadaye Vinícius Júnior wa Real Madrid alisimamisha mechi pale Mestalla, uwanja wa Valencia, Mei 2023, akawanyooshea kidole waliokuwa wakimtukana mmoja mmoja. Yeye mwenyewe akaishia kupewa kadi nyekundu siku ile kwa ugomvi wa dakika za mwisho, ingawa baadaye ilifutwa. Lakini safari hii kesi ilifika mahakamani, na Juni 2024 watu watatu wakahukumiwa kifungo cha miezi 8 na kupigwa marufuku viwanjani miaka 2, hukumu ya kwanza ya aina yake Hispania kwa matusi ya uwanjani. Hilo ndilo nililolisubiri tangu Zaragoza: mtu wa jukwaani atajwe, aitwe, ajibu.

Na FIFA sasa ina ishara nyingine ambayo vibandani haijulikani sana. Kwenye mkutano wake wa Bangkok, Mei 2024, ilikubaliwa kwamba mchezaji akitukanwa anaipishanisha mikono yake kwenye vifundo vya viganja, refa anaiona, na hatua tatu zinaanza: mechi inasimama na tangazo linatolewa, yakiendelea wachezaji wanatoka nje kwa muda, yakizidi mechi inavunjwa. Wanachama wote 211, shirikisho letu la soka la Uganda, FUFA, likiwemo, walitakiwa kuuweka ubaguzi kama kosa lenye adhabu zake katika kanuni zao. Ishara hii naipenda kuliko goti kwa sababu moja: inamlazimisha mwingine afanye kitu. Goti halikumdai refa chochote.

Ndiyo maana macho yangu yako Namboole, uwanja wetu wa taifa. Agosti 2025 tulijaza uwanja ule kwa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, hadi Senegal ilipotutoa robo fainali kwa bao moja, na mwaka 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja Uganda, Kenya na Tanzania. Watakuja Wamoroko, Wamisri, Wasenegali, na watakuja wachezaji wetu wenyewe ambao siku wakikosa penati tutawaita majina tunayoyajua. Yapo ya rangi, yapo ya kabila, na refa kutoka nchi nyingine hataelewa hata moja litakalotamkwa kwa Kiganda, Kilugbara au Kiswahili cha mitaani. Mchezaji wa Cranes, timu yetu ya taifa, atakapopishanisha mikono yake na refa asijue kwa nini, nani atamweleza?

FUFA wana muda wa kulipanga hili kabla ya 2027, na kazi yenyewe inajulikana. Wasimamizi wa majukwaa wawe watu wanaozisikia lugha zetu na kuyajua hayo majina. Ligi yetu ya nyumbani ianze kuitumia ishara hiyo sasa, kwenye mechi za kawaida za Arua, Jinja na Mbarara, ili shabiki aizoee kabla ya kamera za Afrika nzima kufika. Wenye vibanda nao wakubali kumtoa nje mtu mmoja tu, mara moja tu, bila kumrudishia shilingi yake, waone kama wiki inayofuata kicheko kile kitarudi. Na tangazo la hatua ya kwanza pale Namboole lisiachwe kwa Kiingereza peke yake. Lisomwe pia kwa Kiganda na Kiswahili, na litaje waziwazi jukwaa ambalo matusi yametoka.