Uji wa Nzi

Nzi wa matunda wanaofugwa maabara hula uji. Kwa lita moja ya maji: agari (unga wa mwani wa kugandishia) gramu 8, unga wa mahindi gramu 70, sukari gramu 80, hamira gramu 20. Chemsha agari mpaka iyeyuke, mimina unga uliokorogwa kwa maji baridi, songa mwiko robo saa bila kupumzika, epua. Kisha ngoja ushuke chini ya nyuzi 60 ndipo utie mililita 5 za asidi ya propioniki. Ukiitia uji bado unatokota, asidi inapaa na mvuke, na chupa zinaota ukungu kabla nzi hawajataga.

Pale kwenye kungoja ndipo tulipoponzwa.

Ilikuwa Julai, Kigoma, mafunzo ya likizo kwa wanachuo wanaojifunza jinsi jeni zinavyoendesha ubongo. Umeme ukakatika, nikapikia mkaani jikoni bwenini, nikaenda kuchukua asidi. Kurudi, mzee mlinzi na kijana wa bodaboda aliyeleta hamira wameshapakua, sufuria liko kwenye maji.

"Mwalimu, uji mzuri, ila hukutia ndimu," alisema mzee.

Sasa, agari huganda ikikaribia nyuzi 40. Mzee akainua kikombe anywe funda la mwisho, hakikuja kitu. Akakibinua. Uji umeng'ang'ania.

"Mie mzaliwa wa Ujiji," akasema, akikiweka chini polepole. "Uji wa kusimama sijapata kuuona. Ulikuwa wa nani?"

"Wa nzi, mzee."

Bodaboda aliondoka bila kudai nauli.

Nzi wenyewe walikuwa wa ukoo wa dunce, mbumbumbu waliotambuliwa mwaka 1976 katika maabara ya Seymour Benzer kule California. Nzi wa kawaida ukimpitishia harufu huku unampiga shoti, siku nyingine anaikimbia harufu ile. Hawa hawashiki somo: kimeng'enya cha kufuta ishara fulani ndani ya seli za ubongo kina hitilafu.

Agari ilikuwa imekwisha. Mwanachuo mmoja akaponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, akazijaza chupani mwa nzi, akaziba kwa pamba legelege. Ndizi kama hiyo Kigoma haikai peke yake! Madume ya mtaani yakapenya. Na jike wa nzi hawa akipandwa upya, mbegu za dume wa mwisho ndizo hurutubisha mayai mengi.

Kwenye nyuzi 25 kizazi kipya hutoka baada ya siku kama kumi. Wanachuo wakakipima: majike wengi wanaikimbia harufu, madume wengi wanairudia kama hawakupigwa shoti. Binti mmoja akaandika ubaoni, kwa herufi kubwa, MAJIKE WANA AKILI KULIKO MADUME. Vigelegele. Wavulana wakataka jaribio lirudiwe.

Ikabidi nieleze: jeni ile iko kwenye kromosomu X. Dume ana X moja, ya mama yake, mbovu. Jike anapata na ya baba, nzima, inayoifunika ile mbovu.

"Kwa hiyo ujinga wetu tumerithi kwa mama?" akauliza mvulana mmoja kwa uchungu.

Mlinzi alikuwa anasikiliza dirishani. "Na hizo akili za majike, baba zao wametoka wapi?"

"Hapahapa mtaani, mzee."

"Basi andikeni na hilo ubaoni," akasema. "Akili ni ya Kigoma."