Usilazimishe bolti ya milimita kwenye Landrova ya inchi

Nilipoingia chini ya gari kilichonivuta macho ni mng'aro. Kila kitu kule chini kilikuwa na rangi ya vumbi na grisi iliyoganda, isipokuwa bolti mbili za propela ya nyuma, ile shafti inayopeleka mzunguko kwenye ekseli, zilizong'aa kama vijiko vipya. Nikazishika kwa vidole, zikacheza. Nilipozifungua, shingo ya kila moja ilikuwa imeliwa upande mmoja, na matundu ya flenji, kile kisahani cha kufungia propela, yaliyotakiwa kuwa duara, yalikuwa yameshafanana na yai.

Gari lenyewe ni Landrova 109 Series III ya mwaka 1974, aliyoniachia mzee wangu. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimelitoa gereji, nikalichukua barabara ya Monduli kulijaribu. Kila nikigusa kilomita 60 kwa saa, linatetemeka mpaka vioo vinalia. Fundi wa kwanza akasema tairi, wa pili akasema bering. Kumbe bolti. Tundu la flenji ya propela ni la inchi 3/8, yaani milimita 9.5 na ushei. Aliyefunga hakuwa na bolti ya 3/8. Ya M10, yaani ya milimita 10, ilimgomea kwa sababu ni nene kuliko tundu, akashuka kwenye M8, akaongeza washa mbili, akabana. Ikabaki nafasi ya milimita moja na nusu kwenye kipande ambacho, kwa mwendo ule, kinazunguka zaidi ya mara 1,500 kwa dakika.

Nilikasirika, na sijafika mahali pa kulichukulia jambo hili kirahisi. Propela ikikatika mbele ukiwa mwendoni inaweza kuchimba lami na kulibeba gari. Halafu fundi huyohuyo alikuwa amenisifia rangi mpya ya bodi.

Hapo ndipo penye tatizo letu sisi tunaofufua magari ya zamani. Tutasafiri mpaka Nairobi kutafuta kabureta, tutabishana wiki nzima kuhusu rangi ya viti, lakini bolti tunamtuma kijana dukani: "Niletee bolti nane za spana kumi na tatu." Bolti ni spea. Ina kipimo chake, ina uzi wake, yaani meno yake, ina nguvu yake, na kama siyo yenyewe basi hujatengeneza gari, umelifunga tu lisidondoke.

Landrova ya zamani inataka subira zaidi kwa sababu ya lini na wapi ilizaliwa. Ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Waingereza walikuwa bado wanatumia uzi uliotokana na kazi ya Joseph Whitworth ya mwaka 1841, wenye pembe ya digrii 55, wakati Wamarekani walikuwa na wao wa digrii 60. Kwenye Vita Kuu ya Pili jambo hilo liliwatesa, maana nati ya mmoja haikukaa kwenye bolti ya mwenzake. Novemba ya mwaka huohuo wa 1948, Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana uzi mmoja wa inchi, ulioitwa Unified, ndio tunaouona leo kama UNF, ule faini wenye meno ya karibukaribu, na UNC, ule rafu wenye meno yaliyoachana. Landrova za mwanzo zilikuwa zimeshaanza maisha na BSF, uzi faini wa Kiingereza wa pembe ileile ya Whitworth. Series II ya 1958 ikahamia zaidi kwenye UNF, lakini kuhama kwenyewe hakukuwa kwa siku moja. Kwenye 109 yangu nimekuta UNF sehemu nyingi, UNC pale bolti inapoingia kwenye aluminiamu, na skrubu ndogo za 2BA kwenye mambo ya umeme. Na pengine unakutana na BSF imejificha mahali usipoitegemea.

Sasa chukua bolti ya inchi 5/16. Unene wake ni milimita 7.94. M8 ni milimita 8. Jicho la nani litaona tofauti hiyo? Lakini hesabu meno: UNF ina meno 24 kwa inchi, BSF 22, UNC 18, na M8 ya kawaida inakaribia 20. Ukiingiza M8 kwenye tundu la 5/16 UNF itakubali mzunguko mmoja au miwili, halafu inakaza. Hapo fundi mwenye haraka anasema "ina kutu tu", anachukua spana ndefu, anaisukuma. Inaingia kweli. Imeingia kwa kuula uzi wa ndani, na ule uzi ndio uliokuwa wa gari. Bolti utanunua nyingine. Kasha la gia la mwaka 1974 utalipata wapi?

Mtu aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, ambaye bidhaa zake zote zimo kwenye makopo ya Kimbo na ya maziwa, yamepangwa juu ya turubai.

"Shikamoo mzee. Naomba bolti za propela ya Landrova, 3/8 faini."

"Marahaba. Umekuja na ya zamani?"

Sikuwa nayo. Akatikisa kichwa, hakuongeza neno, akaanza kuchambua kopo. Alitoa bolti moja, akaifuta kwa kitambaa, akanionyesha kichwani: viduara vitatu vimeshikana kama pingili za mnyororo. Ile ni alama waliyoweka Waingereza kutambulisha uzi wa Unified. Kisha akachukua nati, akaizungusha kwa ncha ya vidole viwili mpaka ikagonga shingo, bila spana. "Nati ya kweli haibembelezwi, mwanangu," akasema. Akachukua bolti nyingine iliyofanana nayo kabisa, akazilaza mbili ubavu kwa ubavu, meno ndani ya meno, akaziinua juu kwenye mwanga wa jua. Kulikuwa na upenyo mwembamba wa mwanga katikati. Ile ya pili ilikuwa BSF.

Sijawahi kuona somo fupi kuliko lile. Tangu siku hiyo natembea na bolti moja ya kila aina kwenye kimfuko, na kila ninayoitilia shaka nailaza juu ya ninayoijua. Ila kuna nati moja ambayo kanuni ya vidole haiihusu: ile yenye pete ya nailoni, kama zinazotumika kwenye propela. Hiyo lazima ikaze ikifika kwenye nailoni, na ukishaifungua weka mpya. Ikizunguka kwa vidole mpaka mwisho, imekwisha kazi.

Spana nayo inaharibu. Kichwa cha bolti ya 5/16 kinataka spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ukiweka ya 13 inakaa, lakini inapwaya, na bolti iliyokaa miaka 40 kwenye kutu haikusamehe: kona zinalika, unaishia kwenye patasi na nyundo. Ya 3/8 inataka 9/16, milimita 14.3, spana ya 14 haiingii, ya 15 inalamba kona. Nunua seti ya spana za inchi kabla hujafungua hata skrubu moja. Mafundi wa Unga Limited, Arusha, wenye umri wanazo bado, na wanakuazima ukiomba kwa adabu.

Na kung'aa siyo nguvu. Bolti nyingi za duka la vifaa vya ujenzi zimeandikwa 4.8 kichwani, au hazijaandikwa kitu. Ile 8.8 ina nguvu ya kuvutwa mara mbili ya 4.8. Bolti za inchi za Kimarekani hazina namba, zina mistari: mitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8. Bolti isiyo na alama yoyote mimi naiweka kwenye kibao cha namba ya gari, siyo kwenye breki wala usukani.

Wenye Toyota msicheke. Nimeona Land Cruiser FJ40 ikifanyiwa hayahaya, na ile ni ya milimita tupu. Bolti ya Toyota ya M10 kwa kawaida ina hatua, yaani umbali kati ya jino na jino, ya milimita 1.25 na kichwa cha spana 14. Ya dukani ni M10 ya hatua 1.5, kichwa cha 17. Unene mmoja, meno tofauti, na tundu linakufa vilevile.

Ombi langu ni kwa yeyote ambaye nyuma ya nyumba ya babu yake kuna 109 imekaa juu ya matofali. Wanunuzi wa chuma chakavu wataipima kwa kilo, bolti na chasisi bei moja. Kabla hawajafika, zipulizie mafuta ya kulainisha kutu, ziache siku mbili, zifungue kwa spana ya inchi, kila bolti irudishiwe nati yake palepale, na uandike kwenye mfuko ilikotoka. Mifuko hiyo ina thamani kuliko mnavyodhani. Propela yangu imetulia kwa bolti za aina hiyo, zilizotoka kwenye gari lililofia Mererani.

Bado nakosa bolti mbili za bawaba ya mlango wa nyuma. Mlango nimeufunga kwa kamba ya katani, na kila wiki kuna mtu anajitolea kunipa M8. Namshukuru, namrudishia.